Mtoto Afundishwe Hesabu Pale Alipofika

Neno tutakalo kulisema mwezi huu halitawapendeza watu wote, na baadhi ya walimu wenzetu huenda likawachukiza. Twasema ya kwamba desturi ya kuwafundisha watoto wote wa darasa moja hesabu zile zile, siku ile ile, kwa ukurasa ule ule wa kitabu, ni desturi mbaya, nayo yapasa kuachwa. Mtoto afundishwe hesabu kuanzia pale alipofika yeye, si pale kilipofika kitabu. Wako watakaosema ya kuwa neno hili ni la wavivu, na wengine watasema ni la watu wenye kiburi watakao kuwagawa watoto. Tutawajibu wote wawili, lakini kwanza na tuonyeshe jambo lenyewe lilivyo.

Sisi tuandikao haya twafundisha mjini Dar es Salaam, karibu na soko la Kariakoo. Wasomaji wetu wengi mwakaa vijijini, na labda mtauliza, Ya Kariakoo yatuhusu nini? Yawahusu sana, kwa maana watoto wenu wako huku. Kila mwezi wa Januari, na mara nyingi katikati ya mwaka, tunaletewa watoto kutoka Masasi, Mahenge, Uluguru na Upare, waliokuja kukaa kwa shangazi au kwa mjomba ili wasome mjini. Mtoto huletwa na barua ya uhamisho isemayo kwamba yu darasa la nne. Barua haisemi kwamba anajua kujumlisha na hajui kutoa. Basi huketishwa darasa la nne, katika chumba chenye watoto themanini, pengine mia na zaidi, na siku hiyo hiyo mwalimu anaandika ubaoni hesabu za kugawanya kwa tarakimu mbili. Mtoto yule huinakili hesabu kwa mwandiko mzuri, akaipigia mstari chini, akaketi kimya. Aketi kimya hivyo mpaka darasa la saba.

Jambo hili si la kubuni. Tangu mwaka 2010 watu wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba katika Tanzania, Kenya na Uganda, wakiwapima watoto kwa maswali ya darasa la pili tu: kuitambua namba, kujua ipi ni kubwa kuliko nyingine, kujumlisha, kutoa, kuzidisha. Wakaona kwamba wengi wa watoto wa darasa la tatu hawakuweza hesabu zile, na hata katika darasa la saba walikuwamo wasioziweza. Serikali ilisikia, na toka mwaka 2015 masomo ya madarasa mawili ya kwanza yakageuzwa ili yashike hasa kusoma, kuandika na kuhesabu. Tendo hilo lilikuwa jema. Lakini mtoto akishavuka darasa la pili bila kuhesabu, nani amngojaye huko mbele? Mnajua matokeo ya kidato cha nne: mwaka 2021, na tena mwaka 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa kama mmoja katika kila watano. Watu wakasema, Hisabati ya sekondari ni ngumu. Sivyo. Wengi wa hao hawakuanguka sekondari. Walianguka darasa la pili au la tatu, nao wakabebwa juu juu kwa miaka minane.

Na tutazame kosa moja, maana ndani ya kosa moja la mtoto mna elimu nyingi kuliko katika hotuba. Mpe mtoto wa darasa la nne hesabu hii: 62 toa 27. Wengi wataandika 45. Wamepataje? Wameona mbili na saba, wakatoa kidogo katika kikubwa, wakapata tano. Kisha sita toa mbili, nne. Mtoto huyu si mjinga, wala hakubahatisha. Ana kanuni yake, naye ameifuata barabara. Kanuni yenyewe ndiyo mbaya, kwa kuwa hajafahamu kwamba ile 6 ni makumi sita, na ya kwamba kumi moja laweza kufunguliwa likawa mamoja kumi. Dawa yake ni vijiti sitini na viwili vilivyofungwa kumi kumi kwa mpira, na mwalimu wa kumwambia, Nitolee ishirini na saba. Mtoto atatoa mafungu mawili, atatafuta vijiti saba ataona viwili tu, atakwama, na kisha yeye mwenyewe ataufungua mpira wa fungu moja. Kwa wengi ni kazi ya siku mbili au tatu. Lakini katika darasa liendalo kwa ukurasa, mwalimu hutia alama ya kosa kwa wino mwekundu akaenda zake, na kesho ni sehemu, na kesho kutwa ni desimali, na yule mtoto anayo kanuni yake ya 45 mpaka leo.

Sasa na tutoke nje ya shule, twende sokoni, hatua chache tu. Kariakoo yenyewe imejaa hesabu. Jina lake lilitokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hata 1918, ambao mizigo yao ilihesabiwa kwa ratili. Na lile jengo kubwa la soko lililofunguliwa mwaka 1975 lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania mwenzetu, ambaye bila hesabu asingaliweza kuliwekea paa lile la miavuli ya zege. Pita Mtaa wa Kongo au Tandamti baada ya saa za shule, utawakuta baadhi ya watoto wetu wakimsaidia mama kuuza. Chungwa moja ni shilingi 300. Mteja achukua saba, atoa noti ya 5,000. Mtoto asema moyoni: matatu ni 900, matatu mengine 1,800, na moja, 2,100. Huweka mkononi mwa mteja sarafu mbili za 200, asema 2,500. Huongeza 500, asema 3,000. Huongeza 2,000, asema elfu tano, asante. Amemrudishia 2,900, wala hakukosea hata senti. Kesho yake asubuhi mwandikie ubaoni 5,000 toa 2,100, uone. Ataandika 3,100.

Jambo hili wengine wamelipima kwa uangalifu. Huko Recife nchini Brazil, mwaka 1985, wataalamu watatu waliwauliza watoto wachuuzi hesabu za biashara yao, wakajibu sawa karibu zote, 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu za namba zile zile kwa njia ya shule, bila nazi wala limau, walipata 37 tu katika 100. Na mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya kazi kubwa zaidi iliyofanywa India, katika miji ya Kolkata na Delhi, kwa watoto 1,436 wauzao sokoni. Ikawa vile vile: hodari wa soko wakakwama kwenye daftari. Na watoto wa shule walipopewa hesabu za soko, nao wakakwama. Maneno haya yatupa funzo la pande mbili. Yule tumwitaye mzito huenda anayo mali asiyoulizwa, na yule tumwitaye mwepesi huenda amekariri tu. Wala hatusemi mtoto aachwe sokoni, la hasha; mahali pa mtoto saa za masomo ni shuleni, na yule auzaye mpaka usiku huja amechoka asiweze kujifunza neno. Twasema mwalimu aijue mali ile aliyo nayo, aanzie hapo, amwonyeshe jinsi kule kuongeza 400, na 500, na 2,000 kulivyo kutoa kwa njia nyingine.

Watu husema haya ni mawazo mageni ya Wazungu. Tunashangaa. Katika mitaa ya Kariakoo na Gerezani viko vyuo vya Kurani vingi, na sisi Wakristo twapita milangoni pake kila siku twasikia sauti za watoto. Ingieni mtazame kwa desturi ya zamani. Mwalimu ni mmoja, watoto ni arobaini au hamsini, na kila mmoja anapo mahali pake. Huyu yu katika herufi, huyu katika sura fupi, yule ameshapita juzuu kadha wa kadha. Mtoto huja mbele ya mwalimu, husoma alipofika, akishindwa hurudishwa palepale, akiweza hupewa mbele. Wakubwa huwashika wadogo. Hakuna asemaye, Leo ni tarehe kumi, basi wote wawe juzuu ya tatu. Na fundi seremala je? Je, humpa mwanafunzi wake kuchonga mlango kabla hajajua kushika randa, kwa sababu tu mwanafunzi mwenzake ameanza mlango? Na katika mashule ya kwanza ya misheni mtu mzima na kijana mdogo walikaa benchi moja katika darasa la kwanza, kwa sababu wote wawili hawajajua kusoma, wala hakuna aliyeuliza miaka yao. Desturi ya kumfundisha mtu pale alipofika ni desturi yetu. Ile ngeni ni hii ya kumpandisha mtoto kwa kalenda.

Tunajua kalenda ilitoka wapi, wala hatuwalaumu walioileta. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa nchi hii aingie shule, na mwaka 1977 wakaingia kwa mamia ya maelfu. Mwaka 2016, ada zilipoondolewa, wakaingia tena wengi mno. Hiyo ilikuwa haki, na mtu atakaye kurudisha siku zile za wachache hatutamsaidia. Lakini watu wengi hupangwa kwa urahisi kwa umri na mwaka, kama askari kwa kimo, na mpango ule wa kuwahesabu watoto ukageuka kuwa mpango wa kuwafundisha. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alisisitiza kwamba elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari. Mtoto amalizaye darasa la saba asijue kutoa, elimu yake imekamilika wapi?

Sasa tuwajibu wapinzani. Wa kwanza asema, Muhtasari wa masomo hautamalizika. Tumesikia kwa masikio yetu mkubwa mmoja wa elimu akiingia darasani na kuuliza, Mko ukurasa wa ngapi? wala hakuuliza watoto wako wapi. Kitabu kitamalizika, naam; lakini atakuwa amekimaliza mwalimu peke yake, na watoto kumi walioketi mbele. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa hesabu ni mtihani.

Wa pili ni mzito zaidi, na maneno yake twayaheshimu. Asema, Mkiwagawa watoto mtawatia aibu, na wale wa fungu la chini wataachwa huko milele. Ndugu, aibu ipo tayari. Mtoto asiyejua kutoa, akaaye mwaka mzima mbele ya hesabu za kugawanya, anajua kwamba hajui, na wenziwe wanajua. Lakini hatari unayoisema ni ya kweli, tena tumeiona. Ziko shule ambazo huwachagua watoto wepesi, huwaweka mkondo wa kwanza, huwapa mwalimu bora na madawati mazima, na walio nyuma huwatupa mkondo wa mwisho pamoja na mwalimu aliyechoka. Huko siko tunakokusema sisi. Huko ni kuuza watoto wengi ili kununua sifa ya shule. Tunalotaka ni fungu la saa moja tu kwa siku, la hesabu peke yake, ambalo mtoto hutoka mara ajuapo. Kwa masomo mengine yote, na kwa michezo, na kwa uji, hukaa na darasa lake. Na mwalimu aliye hodari kuliko wote apewe fungu la chini kabisa, maana kazi iko huko.

Iko habari ya Kenya yenye kufaa hapa. Tangu mwaka 2005, katika shule 121 za magharibi ya nchi hiyo, darasa la kwanza liliongezewa mwalimu, likagawanywa mara mbili. Katika karibu nusu ya shule hizo watoto waligawanywa hivi hivi kwa kura. Katika nyingine waligawanywa kwa kadiri ya ujuzi waliokuwa nao. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer waliwapima baadaye. Katika shule zilizogawa kwa ujuzi, walio mbele walizidi, na walio nyuma nao walizidi, wala wale wa katikati waliopangwa fungu la chini hawakupata hasara. Sababu yaonekana wazi kwa kila mwalimu: watoto walipokaribiana, mwalimu aliweza kusema nao wote kwa mara moja. Na kabla ya hapo, kati ya mwaka 2001 na 2003, katika miji ya Mumbai na Vadodara huko India, chama cha Pratham kiliwachukua wasichana wenyeji waliokwisha sekondari, wakafundishwa muda mfupi, wakapewa watoto walio nyuma kwa muda wa saa mbili kila siku ya shule. Hesabu za watoto wale zikainuka. Mijini kwetu wasichana na wavulana waliomaliza kidato cha nne wakakosa kazi ni wangapi? Twawaona Mnazi Mmoja mchana kutwa wameketi vivulini.

Hapo ndipo twamjibu na wa tatu, asemaye watoto ni mia na mwalimu ni mmoja. Ni kweli, na serikali ilete walimu. Hilo hatuachi kulidai. Lakini kuwafundisha mia jambo wasiloliweza hakupunguzi wingi wao. Na tufanye hivi. Wiki ya kwanza ya mwaka kila mtoto wa darasa la tatu, la nne na la tano aitwe peke yake, aulizwe kwa mdomo, dakika tano tu: ahesabu vizibo, asome namba, aseme ipi kubwa, ajumlishe, atoe, azidishe. Kisha saa moja iliyo moja kwa madarasa yote matatu, mlango ufunguliwe, watoto watoke madarasani mwao waende kwenye fungu la kiwango chao, mwalimu mmoja mmoja na kila fungu, na msaidizi mwenyeji akipatikana. Fungu la vijiti na mafungu ya kumi. Fungu la kutoa. Fungu la kuzidisha. Na wale wazijuao hizi zote wapewe hesabu ngumu za kweli, maana hao nao wanaonewa, wamekaa wanachezea kalamu huku wenzao wakingojewa. Baada ya kila majuma sita wapimwe tena, wahame. Vyombo vyake ni vizibo vya soda, kokwa na vijiti, navyo Kariakoo vyaokotwa bure.

Limebaki neno moja, nalo ni juu ya neno lenyewe uwezo. Kuna walimu waliolipenda neno hili kwa sababu mbaya. Husema, Mtoto huyu hajawa tayari, kisha wakamwacha, kana kwamba utayari ni mvua ya vuli ambayo mtu huingojea akitazama mawingu. Na wasichana ndio waambiwao zaidi ya wote ya kwamba hesabu si zao. Sisi hatupimi kichwa cha mtoto kina ukubwa gani. Tunapima amefika wapi njiani. Mtoto asiye tayari kugawanya yu tayari kwa jambo jingine lililo kabla ya kugawanya, na jambo hilo lipo sikuzote, na kazi ya mwalimu ni kulitafuta na kulifundisha leo.

Nanyi wazazi wa mjini, mnaotoa fedha ya tuisheni kila jioni, ulizeni mnanunua nini. Nyingi za tuisheni hizi ni ukurasa ule ule, kwa mtoto yule yule, usiku badala ya mchana. Na mtoto wa mwenye kuuza mihogo, asiyeweza kulipa, hukosa hata huo. Nanyi mlioko vijijini, kabla hamjamweka mtoto ndani ya basi kumleta mjini, mketisheni chini kwa dakika chache, mpeni 62 toa 27 na vijiti. Akishindwa, msimfiche wala msimpige. Andikeni katika barua kwa mwalimu ya kwamba hapa ndipo alipofika. Barua hiyo itatufaa kuliko ile ya uhamisho.

Mwezi wa Januari, kabla ratiba ya shule haijabandikwa ukutani, utakuwapo mkutano wa wazazi. Nendeni. Msiulize kwanza habari ya uzio wala ya sare. Mwulizeni mwalimu mkuu ni saa ipi katika siku itakayowekwa kwa mafungu ya hesabu, na ni mwalimu yupi atakayepewa lile fungu la chini.